Pointi za hoteli kwa mtu wa Mombasa: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kwa mkazi wa Mombasa anayelala hotelini mara kadhaa kwa mwaka, mpango wa uanachama wa hoteli (unaompa mgeni wa mara kwa mara pointi na daraja) wa kuanza nao ni Hilton Honors. Wa pili ni ALL wa Accor, wa tatu Marriott Bonvoy, kisha IHG One Rewards, na World of Hyatt unafunga orodha. Najua wengi wangeiweka Marriott juu kwa sababu ya wingi wa hoteli zake. Lakini wingi huo haukusaidii ikiwa safari zako ni fupi na mpango unahesabu usiku tu ili kukupa daraja. Kila kampuni ina kanuni yake ya nini kihesabiwe, na kanuni hiyo ndiyo niliyoipangia.

Kujiunga ni bure kote. Unachotoa ni uaminifu wako, nao una bei: ukigawa usiku wako 12 kwa kampuni nne, mwisho wa mwaka huna daraja popote.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya sana. Pointi ni za kutumia. Unalipa chumba, unapewa, siku moja unazibadilisha upate kulala bure. Hadhi ni daraja, Silver, Gold na kupanda, na hupatikana kwa kile ulicholala ndani ya mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Daraja za juu ndizo zinazoleta kifungua kinywa cha bure, chumba bora zaidi na ruhusa ya kuchelewa kutoka. Unaweza kuwa na pointi tele na bado mapokezi wakakuona mgeni wa kawaida.

Jambo la pili ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi. Chumba ulichokinunua kupitia Booking.com, Expedia au wakala wa safari kwa kawaida hakileti pointi wala usiku wa hadhi, hata ukiitaja namba yako ya uanachama pale mapokezi. Ni lazima ukate kwa tovuti, programu ya simu au namba ya simu ya hoteli yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia punguzo dogo la mtandaoni, linganisha na bei ya wanachama kwenye tovuti ya hoteli. Mara nyingi tofauti ni ndogo au haipo. Kampuni yako ikilipa, pointi kwa kawaida ni za aliyelala, si za mhasibu, mradi bei iliyotumika ni ya kustahiki, yaani si ile ya wakala. Waulize wanaokukatia chumba wanakikata wapi. Swali hilo moja lina thamani kuliko kulinganisha pointi usiku kucha.

Pointi huhesabiwa kwa bei ya chumba bila kodi. VAT ya asilimia 16 iliyo kwenye bili yako haikuletei kitu. Kwa Hilton na Marriott, hoteli zao nyingi hutoa pointi 10 kwa kila dola, hivyo chumba cha dola 100 kinakupa pointi 1,000. Chakula cha jioni ukikiandikisha kwenye chumba badala ya kulipa mezani, nacho mara nyingi huingia.

Sasa kwa nini Hilton? Kwa sababu haihesabu usiku tu, inahesabu na ziara, na ziara ni tangu uingie hadi utoke, iwe umelala usiku mmoja au sita. Silver inapatikana kwa ziara 4 au usiku 10. Mfikirie mfanyabiashara anayepanda Madaraka Express Miritini, analala Nairobi usiku mmoja, anamaliza shughuli zake Industrial Area na kurudi. Safari nne za namna hiyo ni usiku 4 tu. Kwingine hajafika hata nusu ya daraja la kwanza, lakini Hilton tayari ni Silver. Gold, ambayo nje ya Marekani huleta kifungua kinywa katika hoteli zao nyingi, ilikuwa ziara 20 au usiku 40 kwa miaka mingi, na kwa mwaka 2026 imeteremshwa hadi ziara 15 au usiku 25.

Usijaribu ujanja wa kutoka asubuhi na kuingia tena jioni hoteli ileile. Usiku unaofuatana katika hoteli moja ni ziara moja tu, hata ukirudisha ufunguo. Lakini ukilala usiku mmoja Hilton Garden Inn ya uwanja wa ndege na wa pili DoubleTree ya Hurlingham, hizo ni ziara mbili halali.

Wa treni ya usiku wazingatie jambo moja zaidi. Unafika Syokimau alfajiri haijaingia, na kuingia chumbani kwa kawaida ni kuanzia mchana. Ukitaka kulala mara ufikapo, kata chumba kuanzia tarehe uliyoondoka Mombasa, na uwapigie simu uwaambie utafika usiku wa manane. Usipowaambia wanaweza kukuandika kuwa hukutokea; utalipishwa, na usiku huo hauhesabiwi.

Accor nimeiweka ya pili kwa ajili ya Umra. Pale Makka, kwenye majengo ya saa yanayoukabili Msikiti Mtakatifu, Fairmont, Swissôtel, Raffles na Pullman Zamzam zote ni za Accor, na Madina iko Pullman Zamzam nyingine. Nairobi wana Fairmont The Norfolk, Mövenpick, na ibis Styles ya Westlands kwa mfuko wa kawaida, ingawa jamii ya ibis hutoa pointi chache zaidi. Thamani ni wazi: pointi 2,000 ni yuro 40 zinazokatwa kwenye bili, Ramadhani au Rajabu. Silver yake ni usiku 10 au pointi 2,000 za hadhi (hizi huhesabia daraja tu, hazilipii bili), na hiyo njia ya pili humfaa anayelala mara chache kwa bei kubwa. Ila wengi wetu huenda Umra kwa kifurushi cha wakala wa mjini, na wakala amenunua vyumba kwa jumla. Kifurushi hicho hakikupi kitu. Kama huna mpango wa kujikatia hoteli mwenyewe, ishushe Accor hadi nafasi ya tatu. Na pointi zake hufa ukipita siku 365 bila shughuli inayostahiki. Hilton na Marriott wanakuachia miezi 24.

Marriott Bonvoy ni ya anayetumwa kazini wiki nzima nzima. Silver ni usiku 10, Gold 25, Platinum 50, na ziara haina uzito wowote. Gold haina kifungua kinywa. Unakipata Platinum, na usiku 50 ni mwingi kwa mtu mwenye nyumba yake Kisauni. Hoteli wanazo: Four Points mbili na JW Marriott hapo Nairobi, Sheraton Kampala, Four Points ya Arusha, na Dubai ndiyo usiseme. Familia zinazopanda bara kwa harusi zijue kuwa ukilipia vyumba vitatu na kulala kimoja, pointi za vyote vitatu ni zako, lakini usiku wa hadhi ni wa chumba kimoja.

IHG inaanzia usiku 10, na Nairobi ina Crowne Plaza. Asiye na daraja hupoteza pointi akikaa miezi 12 bila shughuli, na kwa msafiri wa mara mojamoja muda huo ni mfupi mno. Hyatt ni mpango mzuri wenye hoteli chache upande wetu; ijaze fomu kama unakwenda Park Hyatt Zanzibar au Hyatt Regency Dar es Salaam, basi.

Sarova Whitesands, Serena Beach na Voyager hazimo katika mpango wowote kati ya hii mitano. Mkienda Shanzu au Bamburi wikendi na watoto, tafuteni bei ya mkazi moja kwa moja hotelini na msijali pointi. Kwa hoteli zilizomo, ondoka na bili yenye jina lako, tarehe na namba ya uanachama, uitunze hadi usiku uonekane kwenye akaunti. Usipoonekana baada ya wiki mbili, omba uongezwe kupitia tovuti ya mpango, na hiyo bili ndiyo watakayoitaka.