Speed King ya zamani: uzoefu wangu wa kuinyamazisha

Pedali ya dramu ya besi ya Ludwig Speed King ikilia nyii-nyii, watu wengi hukimbilia kuidondoshea mafuta pale juu, kwenye mhimili wa nyundo inayopiga ngozi. Inanyamaza siku mbili, kisha inaanza upya. Kosa ni kwamba mafuta yameenda pasipohusika. Kwenye pedali hii springi hazionekani kabisa. Zimefichwa ndani ya zile nguzo mbili za alumini, na mara nyingi kelele inatoka humo.

Kwa wasioifahamu: ni pedali ya dramu ya besi iliyoanza kutengenezwa Chicago katika miaka ya mwisho ya 1930 na kampuni ya WFL, herufi za jina la William F. Ludwig. Jina "Ludwig" lenyewe wakati huo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Conn, likarudi kwa familia mwaka 1955. Kwa hiyo ukikuta imeandikwa WFL, unashika chuma cha zamani kweli. Haina mnyororo wala mkanda. Kipande cha chuma kigumu kinaunganisha kikanyagio na mhimili, ndiyo maana mguu unaisikia nyundo papo hapo. Ringo Starr wa Beatles aliitumia, mpiga dramu wa Led Zeppelin John Bonham pia, na kwenye rekodi za Led Zeppelin za mwaka 1970 pedali ya Bonham inasikika waziwazi ikilia kama panya. Wapo wanaoupenda mlio ule. Mimi, kwenye chumba chenye maikrofoni sentimita kumi kutoka kwenye ngozi, siutaki.

Kabla ya kufungua, tafuta kelele iko wapi. Itoe pedali kwenye dramu, vua nyundo, bonyeza kikanyagio polepole kwa mkono. Kisha fanya kama mafundi wa magari: ncha ya bisibisi ndefu iweke kwenye nguzo, mpini uweke sikioni. Hamia nguzo ya pili, halafu bawaba ya kisigino, halafu kile kiungo cha chuma. Mahali panapolia patakupigia kelele moja kwa moja sikioni.

Kazi ya nguzo iko hivi. Pindua pedali chini juu. Chini ya kila nguzo kuna skrubu kubwa yenye mfereji, ambayo ndiyo ya kukazia springi. Hesabu mizunguko unapoifungua na uiandike, nguzo ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake. Bisibisi iwe pana, ijaze mfereji wote. Nyembamba itaula mfereji, na hapo umejitafutia kazi ya wiki. Skrubu ikigoma usilazimishe, maana chuma ndani ya alumini hushikana kwa kutu ya metali mbili, na uzi (ile mikato ya ndani inayoshika skrubu) utakaong'oka ni wa alumini. Weka mafuta ya kulainisha kutu, iache ilale usiku kucha, jaribu tena asubuhi. Shika kitambaa chini ya mkono wakati mizunguko ya mwisho inatoka, kwa sababu springi imebanwa na itaruka.

Itatoka springi, kisha kijiti cha chuma ambacho kichwa chake husukumwa na nundu ya mhimili kila unapokanyaga. Kitazame. Grisi ya miaka hamsini inakuwa kama gundi ya kahawia, na chuma kinasugua chuma kikavu. Hiyo ndiyo nyii-nyii yenyewe. Loweka springi na vijiti kwenye mafuta ya taa nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, futa ndani ya nguzo kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti hadi kitoke cheupe. Kausha. Paka kijiti chote grisi nyeupe ya lithiamu, na ukubwa wa punje ya haragwe kwa kila nguzo unatosha. Ukijaza nguzo nzima kijiti kitakuwa kizito kurudi na pedali itahisi imelewa. Yale mafuta mepesi ya kupuliza ya kwenye kopo ni mazuri kwa kuondoa kutu, lakini kama kilainishi hapa hayafai: yanasafisha grisi iliyobaki, kisha yenyewe yanakauka.

Rudisha skrubu kwa idadi ileile ya mizunguko, na pande mbili ziwe sawa. Upande mmoja ukikazwa kuliko mwingine, mhimili unasukumwa kwa mshazari na beringi moja inaisha kabla ya mwenzake.

Beringi zenyewe, zungusha mhimili kwa vidole. Ukihisi mchanga, osha kwa mafuta ya taa, acha zikauke, weka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Grisi nzito hapa hapana. Bawaba ya kisigino ikicheza pembeni inahitaji washa (pete bapa) nyembamba ya nailoni, na kile kiungo cha chuma kipake grisi kidogo kwenye ncha zake. Kikiwa kimelika sana kitagonga tik-tik hata ukipaka nini. Hapo ni kubadilisha.

Pedali ikishanyamaza ndipo utaanza kusikia dramu yenyewe ikilia ziii. Usishangae. Lagi nyingi za enzi ile, yaani vile vishikizo vya ubavuni vinavyopokea skrubu ndefu za kukazia ngozi, zina springi ndani ya kushikilia nati, na springi hiyo hutetemeka pamoja na dramu. Vua ngozi, fungua lagi kutokea ndani, zungushia springi kipande cha kitambaa cha felti, irudishe. Sifongo usiweke; baada ya miaka inageuka uji wa kunata. Pamba nayo inashika unyevu, na sisi wa pwani tunajua unyevu unafanya nini kwa chuma.

Jambo moja linalowaponza wengi: dramu za Kimarekani kama hizi hutumia uzi wa inchi, 12-24 (namba 12, mizunguko 24 kwa inchi). Boliti ya milimita 5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi inaingia imelegea, na ukiikaza inang'oa uzi wa nati. Ya milimita 6 haiingii kabisa. Agiza skrubu za dramu zenye uzi wake.

Kama unanunua iliyotumika, kagua nyufa kwenye fremu, hasa karibu na kishikio cha pete ya dramu, na uangalie mifereji ya zile skrubu za chini. Mifereji iliyoliwa maana yake kuna mtu ameshapigana nazo akashindwa, hivyo punguza bei. Kulia peke yake kusikutishe, wala rangi iliyofifia. Kwa mguu mwepesi bado ninaiweka juu ya pedali nyingi mpya za mnyororo. Kwa wapigaji wa muziki wa metali wanaotaka springi nzito, haiwafai. Yangu naifungua nguzo mara moja kwa mwaka, na kazi nzima haizidi saa moja na nusu.