Uzoefu wangu: wiki kumi kwenye programu ya mbinu za kusoma

Binti yangu hakuwa mvivu. Naanza na hilo kwa sababu wazazi wengi wanaotafuta programu za namna hii wana mtoto asiyetaka kugusa daftari, na wangu si huyo. Wangu alikuwa anakaa mezani saa tatu kila jioni, kurasa zimejaa wino wa njano na waridi, halafu analeta alama 41 za Kemia. Yuko mwaka wa pili wa sekondari. Tuisheni tulishajaribu: akafundishwa upya yaleyale ya darasani, akaelewa, akasahau.

Nikamwandikisha programu ya wiki kumi. Vipindi viwili kwa wiki, dakika 50 kila kimoja, yeye na mwalimu mmoja kwa njia ya video, pamoja na programu ya simu ya kufuatilia kazi. Jina la watoa huduma silitaji, maana nina mengi ya kulalamikia.

Lakini kipindi cha kwanza nitakisifu mpaka kesho. Mwalimu alimuuliza jana yake alisoma nini. Usanisinuru, kurasa nne, mara tatu. Akaambiwa afunge daftari, achukue karatasi tupu, aandike kila anachokumbuka. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Kimya kirefu. Ikatoka mistari mitano, na wa kwanza ulikuwa kichwa cha mada.

"Lakini naijua, mwalimu," akasema, sauti imeshaanza kutetemeka.

"Unaijua kama unavyomjua mtu kwa sura tu," mwalimu akamjibu. "Ukikutana naye unamtambua. Nikikuuliza jina lake, huna."

Usiku ule nilikwenda kutafuta kama jambo hili lina msingi au ni maneno ya biashara. Lina msingi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, na waliojipima wakawaacha mbali. Hapo nikaelewa kwa nini mtoto wangu alilala akiwa na uhakika na kuamka mtupu. Tathmini nyingine ya mwaka 2013, ya John Dunlosky na wenzake, ilipima mbinu kumi za kusoma: kujipima na kugawa kusoma kwa siku mbalimbali zikapewa daraja la juu, kupaka rangi mistari na kusoma tena na tena zikawekwa chini. Kalamu zile za rangi nilimnunulia mimi.

Kuanzia hapo kazi ikawa hiyo hiyo kwa sura mbalimbali. Kulikuwa na boksi la kadi lenye vyumba vitano, utaratibu ulioenezwa na Sebastian Leitner miaka ya 1970. Swali mbele, jibu nyuma. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele inakorudiwa kwa nadra. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza, hata kama ilishafika cha nne. Binti yangu alilichukia boksi lile kwa wiki mbili nzima. "Baba, hii si kusoma, hii ni mtihani kila siku." Nikamwambia ndiyo, na sikuwa na la kuongeza.

Kilichonivutia zaidi ni daftari la makosa ya Hisabati. Kila swali alilokosa aliliandika upya na kulitia alama moja kati ya tatu: sikuelewa swali, nilijua njia nikateleza kwenye hesabu, au sikujua kabisa. Baada ya wiki nne tukahesabu. Mimi ningeapa kwamba tatizo lake ni uzembe, na nilishamgombeza sana kwa hilo. Zaidi ya nusu ya makosa yalikuwa ya kutoelewa swali linataka nini. Alikuwa anaona namba, anarukia kanuni ya mwisho aliyofundishwa.

Dawa yake ilikuwa kuchanganya maswali: moja la eneo, moja la uwiano, moja la mlinganyo, bila kuambiwa lipi ni lipi. Niwaonye wazazi hapa. Alama za mazoezi zilishuka, na nilikaribia kumtoa. Mwalimu alikuwa amenitahadharisha kwamba zitashuka, kwa sababu sasa anafanya kazi mbili, ya kuchagua njia na ya kukokotoa. Ukifanya maswali 20 ya aina moja mfululizo, ile kazi ya kwanza hujaifanya kabisa.

Sasa malalamiko. Wiki ya pili yote iliishia kwenye dodoso la kujua kama mtoto ni "wa kuona", "wa kusikia" au "wa kutenda". Akaambiwa ni wa kuona, na kwa siku kadhaa akawa anakataa kusikiliza maelezo ya mdomo kwa hoja hiyo. Wazo hili lilipitiwa kwa kina mwaka 2008 na mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kupanga mafundisho kwa kulifuata. Programu inayojinadi kwa sayansi ingepaswa kulijua hilo. Nililipia vipindi viwili vya hewa.

Programu ya simu nayo ni adha tupu. Inamtumia arifa mtoto ambaye mwalimu huyo huyo amemwambia aweke simu chumba kingine. Ratiba yao ya nusu saa kwa nusu saa ilidumu siku tatu, ikaanguka, tukabaki na kikaratasi cha mambo matatu ya jioni hiyo. Na wiki ya saba walitubadilishia mwalimu bila hata ujumbe. Mpya alikuwa mzuri, ila alianza kwa kumuuliza mtoto anapenda rangi gani.

Jambo zito kuliko yote hayo limempata mtoto wa dada yangu. Naye aliandikishwa, kwa sifa nilizompa mama yake. Wiki sita kadi hazisogei. Mwishowe mwalimu wake wa shuleni ndiye aliyeshauri apimwe usomaji, akakutwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno. Kijana alikuwa anapambana na herufi zenyewe, sisi tunamfundisha kupanga muda. Anahitaji mtaalamu wa usomaji na muda wa ziada kwenye mitihani, na programu ya mbinu za kusoma haitoi hata kimoja. Sidai wangemtibu. Nadai wangemuuliza asome kwa sauti aya moja siku ya usajili, wangeona.

Matokeo ya kwetu: Kemia kutoka 41 hadi 58 mwisho wa muhula. Hisabati haikusogea muhula ule, ikapanda uliofuata. Historia ilibaki palepale, kwa kuwa insha hazijibiwi na kadi na programu haikugusa uandishi kabisa. Kemia pia walipata mwalimu mpya shuleni, kwa hiyo siwezi kuzipa wiki kumi hizi alama zote 17.

Hatukujiandikisha tena. Waliniletea ripoti yenye grafu sita na punguzo la bei, nikaomba kipindi kimoja kwa mwezi cha kukagua daftari la makosa tu. Wakasema hawauzi hivyo. Basi Jumapili nakaa naye mimi: anafunga daftari, anachukua karatasi tupu, ananieleza mada ambayo mimi mwenyewe nimeshaisahau, na nikiuliza "kwa nini?" mara ya pili ananuna, anaenda kuangalia.