Pikapu ya dizeli ya kazi: ipi ununue kwanza, ipi uifikirie mara mbili

Kabla hujamtumia dalali hata shilingi, jibu swali moja. Gari likikuzimikia kijijini saa kumi na mbili jioni, gunia 10 za viazi ziko nyuma na mvua imeanza, fundi wa karibu anaweza kulifungua? Na spea ataitoa wapi? Mi naanza na hilo kabla ya nguvu za injini, kabla ya rangi, kabla ya hiyo skrini ya kwenye dashibodi ambayo wauza magari wanaipenda sana kuionesha. Nabeba viazi na mbao huku Njombe mwaka wa 11 sasa, pikapu zimepita tatu mikononi mwangu na za jamaa zangu nimelala nazo porini nyingi tu, kwahiyo mpangilio huu ni wa mtu wa mizigo na barabara za vumbi na tope. Kama unataka gari la kwendea ofisini Masaki mpangilio wako utakuwa mwingine.

Na tuelewane mapema, pikapu ni gari la tani moja. Kama mzigo wako wa kila siku ni tani 2 au 3 achana na pikapu, nunua Canter, maana utavunja springi, utakula beringi za nyuma na mwisho chesisi itapinda halafu utasema gari bovu kumbe uliionea.

Namba 1: Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ

Hii ndo ile watu wanaita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Pikapu ya 79 ilitoka 1999, na injini yake ya 1HZ ni ya tangu 1990, lita 4.2, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, haina tabo (ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), haina kompyuta ya kupima dizeli, pampu ni ya mekanika kabisa. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, kidogo sana kwa injini kubwa kiasi hicho, na ndo siri yenyewe hiyo, injini haijikamui. Fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaijua, nozeli zake zinapimwa na kusetiwa upya mjini kwa hela ya kawaida, na hata dizeli ikiwa sio nzuri sana itatoa moshi na kulalamika lakini itakufikisha.

Ubaya wake upo na ni lazima usemwe. Kwanza bei, hata iliyochoka inauzwa kama dhahabu. Pili inakunywa, ikiwa na mzigo hesabu kilometa 7 mpaka 8 kwa lita na milimani chini ya hapo. Tatu huku juu Njombe tuko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inaisikia hiyo hewa, kwahiyo usije ukashangaa inapanda taratibu na moshi mweusi kidogo, sio ugonjwa. Kuna watu wanaifungia tabo ya mtaani ili ikimbie, mi sishauri, haikuundwa kwa ajili hiyo, joto linapanda na silinda heda ndo inalipa.

Unapoikagua chungulia ndani ya tairi za mbele, ukiona grisi iliyochanganyika na oili inachuruzika kwenye lile tufe la eksel ujue sili zimekwisha na vumbi limeshaingia kwenye beringi. Halafu uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, kwenye dashibodi kuna taa yake inayowaka kila kilometa 100,000, na wapo wajanja wanaizima tu bila kubadili belti. Mimi nikinunua nabadili hata kama muuzaji ameapa. Nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye mashirika na miradi, zimepigwa mnada, na hizo zina raha yake maana mara nyingi zilikuwa na daftari la sevisi. Omba hilo daftari.

Namba 2: Hilux, lakini sio kila Hilux

Hapa ndo watu wengi wanapotea maana wanasikia jina Hilux wanatoa hela bila kuuliza injini. Jina moja lakini ndani yake kuna magari kama manne tofauti.

Za zamani zenye 3L ya lita 2.8 au 5L ya lita 3.0 hazina tabo, pampu ya mekanika, rahisi kama 1HZ ndogo. Ukiikuta yenye chesisi nzima chukua. Ni nzito kupanda, mlima Kitonga ukiwa na mzigo utapitwa na mabasi yote, acha wapite, wewe angalia geji ya joto, ikianza kupanda simama, maana hizi zikichemka heda inapasuka. Nazo zina taimingi belti.

Halafu inakuja Vigo ya kuanzia 2005 mpaka 2015, yenye 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0. Hapa tumeshaingia kwenye komon reli, yaani dizeli inasukumwa kwa presha kubwa mno na injekta zinaamriwa na umeme. Mi kwa kazi nachagua 2KD, ina nguvu za kutosha. 1KD inavuta vizuri, napenda inavyopanda mlima, ila ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: washa za shaba chini ya injekta zikianza kuvujisha, gesi ya mwako inaingia upande wa oili, oili inakuwa lami, ile lami inaziba chujio la chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, oili haipandi, tabo inakufa na baadae injini inanoki. Mlolongo wote huo unaanzia kwenye washa ndogo ya bei ya chai na chapati. Kwahiyo ukikuta 1KD fika kwa muuzaji asubuhi injini ikiwa baridi, isikilize inavyowaka, ikigonga tatata na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali kwa dakika kadhaa punguza bei sana au ondoka.

Revo ya 2015 kuendelea, 2GD na 1GD, zina cheni badala ya belti na ni gari nzuri, ila hakikisha imetoka soko gani, nitaeleza chini kwanini.

Kitu kingine wengi hawakijui, Japani Hilux iliacha kuuzwa 2004 na ikarudi 2017. Sasa mtu akikwambia hii Vigo ya 2010 ilikuwa inatembea Japani na mzee mmoja tu, anakudanganya. Vigo zinatoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, Dubai. Za Dubai angalia zaidi kwa sababu kule usukani uko kushoto, kuna ambazo zimegeuzwa, toa kapeti chini ya dashibodi uangalie kama kuna welding na waya zilizoungwa kwa gundi.

Namba 3: Isuzu D-Max ya 4JJ1

Kusema kweli kwa mtu mwenye bajeti ya kati hii ingeweza kuwa namba 2. Lita 3.0, cheni ya taimingi, injini ambayo Isuzu wanaifunga mpaka kwenye malori madogo, na springi za nyuma zimesimama kazini. Wakenya wanaijua vizuri zaidi yetu maana inaunganishwa Nairobi pale Isuzu East Africa, kampuni iliyokuwa General Motors East Africa mpaka 2017, na aliye karibu na Namanga au Sirari anaweza kuvuka kutafuta spea. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu, huku Nyanda za Juu Kusini spea za Toyota ziko kila kona na za Isuzu mara nyingi unaagiza Gerezani Dar na kusubiri basi la kesho.

Ikianza kupanda na kushuka sailensa yenyewe (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) au kuzima ukiachia mafuta, usikubali haraka kuuziwa pampu nzima. Kuna valvu ndogo imefungwa kwenye pampu, ndo inapima dizeli ya kuingia, inauzwa peke yake na inafungwa kwa boliti mbili. Navara na L200 za komon reli nazo zina valvu ya namna hiyo. Nimeona watu wanatoa mamilioni ya pampu kwa tatizo la valvu, inauma.

Namba 4: Ford Ranger ya 2012 kuendelea

Starehe, nguvu, hasa ile ya silinda 5 ya lita 3.2. Inaingia maji ya kina cha sentimita 80 kwa maelezo ya kiwanda. Spea nyingi zinashuka kutoka Afrika Kusini maana inatengenezwa kule. Naipenda kuiendesha ila kijijini siiamini kwa sababu inahitaji fundi anayeijua. Mfano mmoja: ukimwaga oili usiache boliti wazi ikachuruzika nusu saa kama mafundi wetu walivyozoea, zikipita dakika 10 pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta ukiwasha na injini inajimaliza kavu. Fundi asiyelijua hilo atakuulia gari siku ya sevisi akiwa na nia njema kabisa. Na kuvuja kwa kipoza cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, kunamaliza maji bila wewe kuona hata tone chini, kwahiyo kagua maji kila asubuhi.

Namba 5: L200 na Navara

Hizi bei zake zinavutia. L200 ya 4D56 ina belti mbili, ya taimingi na ndogo ya shafti za kutuliza mtikisiko, na hiyo ndogo ikikatika inaweza kuingia kwenye kubwa na kuivuruga, badilisha zote mbili kwa pamoja. Navara D40 za kabla ya 2010 zina cheni inayolegea, ukisikia inakwaruza mbele ya injini shtuka. Na D40 zilizotoka Uingereza ingia chini na nyundo ndogo ugonge chesisi kuanzia nyuma ya kebini, kule wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha barafu na kuna zilizovunjika katikati mpaka Nissan ikawa inazinunua tena kutoka kwa wateja.

Sasa ile habari ya soko gari lilikotoka. Za Ulaya za karibuni zina chujio la masizi kwenye ekzosi, wenyewe wanaita DPF, limetengenezewa dizeli yenye salfa isiyozidi 10 kwa milioni. Kwetu Afrika Mashariki kiwango kilichowekwa 2015 kilikuwa 50. Ukiongeza safari fupi fupi za shambani lile chujio halipati joto la kujichoma likajisafisha, linaziba, gari linakataa kwenda. Ukiweza pata la soko la Afrika lisilo nalo.

Na dizeli yenyewe ndo iliniliza mimi. Pikapu yangu ya kwanza nilinunua kwenye yadi moja Dar, dashibodi inasoma kilometa 90,000 na raba za pedali zimelika mpaka chuma kinaonekana, nikaona kabisa na bado nikalipa. Miezi miwili baadae nikaishiwa mafuta njiani nikajaza dizeli ya kwenye madumu, injekta nne zikaondoka kwa mpigo. EWURA walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta 2010 kwa sababu uchanganyaji na mafuta ya taa ulikuwa umezidi, lakini dumu la barabarani halina wa kulipima. Toka siku hiyo natembea na dumu langu mwenyewe nililojaza sheli, na kila Jumamosi nafungua kile kikoki chini ya filta ya dizeli namwaga maji mpaka itoke dizeli tupu. Kazi ya dakika 5.

Kwenye kukagua kabla ya kulipa mi nafanya hivi kwa kifupi: injini iwe baridi, nawasha mwenyewe, kwa baridi yetu ya Juni na Julai huku ikikataa mpaka ipigwe starta mara tano plagi za hita zimekufa au kompresheni imeshuka. Nafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, hewa ikipuliza kwa nguvu kama pampu ya baiskeli pete zimechoka. Moshi wa bluu inakula oili. Naweka gia ya tatu kwa mwendo mdogo nakanyaga mafuta, mlio ukipanda na gari halisogei klachi imekwenda. Naingiza foo wili kwenye tope la kweli, sio kuangalia taa tu. Mwisho namba ya injini na ya chesisi nalinganisha na kadi, na naenda nayo TRA kabla hela haijatoka, sio baada.

Tenga hela ya pembeni, mi naweka robo ya bei ya gari, kwa ajili ya mwezi wa kwanza: oili na filta zote tatu, kulanti badala ya maji ya bomba, belti kama lina belti, oili ya difu na gia boksi, bushi za springi, grisi kwenye misalaba ya propela. Baada ya hapo oili kila kilometa 5,000 hata kama kopo limeandikwa 10,000, kwa vumbi letu hilo 10,000 silikubali, na filta ya hewa naikung'uta kila wiki kipindi cha kiangazi. Na gari lenye tabo ukimaliza kupanda mlima na mzigo acha liungurume dakika mbili kabla hujazima, oili ipoze tabo.

Kama una swali la injini ambayo sijaitaja, tuma namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha mbele, sio rangi na mwaka tu, maana kwa rangi na mwaka siwezi kukwambia kitu.