Mashine ya jasho la viganja Malindi: mikono imekauka, hasira haijakauka

Mtanivumilia, maana naandika nikiwa bado nimekasirika. Mimi ni mshoni wa kofia za viua hapa Lamu, na viganja vyangu vinatoka jasho tangu nikiwa mtoto. Si jasho la joto. Hata Kusi inapovuma na watu wamejifunika shuka, mikono yangu huwa imelowa chapachapa, kitambaa cheupe kinaingia madoa, na sindano inashika kutu sijamaliza hata upande mmoja wa kofia. Marehemu mama alikuwa vivyo hivyo.

Niliposikia kuna kliniki Malindi yenye mashine ya kukausha viganja, nilivuka Mokowe nikapanda basi, nikafikia kwa shangazi.

Msichana aliyenipokea alinishika kiganja, akakitazama, akakiachia. Kisha akachomoa tishu akajifuta kidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. "Mama, huku Pwani nani hatoki jasho? Oga, upake diodoranti."

Nikamwambia, "Mwanangu, nikilala mikono hukauka kabisa, nikiamka tu inaanza. Hilo nalo ni joto?" Hakunijibu. Na hilo ndilo swali la kwanza alilopaswa kuniuliza yeye! Ugonjwa huu ni mishipa ya fahamu kuviamuru vitezi vya jasho bila sababu, na usingizini hutulia.

Nikamuuliza kuhusu losheni ya oksibutinini, ile iliyoidhinishwa Japani mwaka 2023 kwa jasho la viganja hasa. Akacheka. "Basi panda ndege uende Japani." Kama dawa hamna, si useme hamna?

Sasa mashine yenyewe. Ni trei mbili za maji ya bomba, kila mkono kwenye yake, na umeme mdogo unapitishwa majini. Mshoni vidole vyake vina matundu ya sindano, na kila kidonda hupakwa vaselini kwanza. Vitu vya chuma huvuliwa. Mimi sikuambiwa lolote. Nimekaa na pete yangu ya fedha, umeme ukapandishwa, vidole vikachoma na chini ya pete pakawaka kama nimeshika kaa la moto. Nilipiga kelele. Yule msichana yuko nje anaongea na simu!

Aliyekuja mbio ni nesi mtu mzima. Alishusha umeme, akanivua pete taratibu, akaniambia, "Pole sana dada yangu." Akanipaka vaselini tundu moja moja. Alama nyekundu ya pete ilikaa siku nyingi.

Siku hiyo ningeandika msiende kabisa. Lakini nikisema mashine haifanyi kazi nitakuwa mwongo. Nilibaki kwa shangazi, nikawa naenda mara tatu kwa wiki, nesi yule ndiye akinihudumia, na baada ya wiki kadhaa viganja vilikauka. Nimeshona upande mzima wa kofia kwa sindano moja, na kitambaa bado cheupe. Nililia, wallahi. Kwa hiyo nendeni, muulizeni nesi mtu mzima.

Ila tatizo ni kwamba mashine haiponyi moja kwa moja. Lazima urudie, kama mara moja kwa wiki, la sivyo jasho linarudi. Maana yake nirudi mlango ule ule. Na juzi nimerudi, nikamkuta yule msichana amevaa glavu kunipokea. Wengine wote aliwapokea mikono mitupu. Jasho haliambukizi! Mtu anayefanya kazi penye mashine ya jasho halijui hilo?

Basi hapo juu niliposema nendeni, nafuta. Nesi ananiambia zipo mashine ndogo za kutumia nyumbani. Anayejua zinauzwa wapi, iwe Mombasa au Nairobi, aniandikie, na aniambie bei.