Pentax K1000 na filamu zangu sita za mwanzo

Nimeshamaliza filamu sita za milimita 35 kwa kamera ya Pentax K1000, na ile ya kwanza haikutoa picha hata moja. Naanza na hilo kwa sababu laiti ningeambiwa mapema, nisingelikosa picha za mwanangu akisimama dede.

Nilichomeka ncha ya filamu, nikafunga mlango wa nyuma, nikapiga kwa wiki tatu. Kihesabu kilienda vizuri mpaka 36. Kumbe kihesabu hicho huhesabu tu mara unazovuta mkono wa kamera, ule wa kusogeza filamu. Hakijui kama filamu nayo inasogea. Ncha ilishachomoka tangu siku ya kwanza. Iliporudi kutoka kusafishwa, negativu zote zilikuwa angavu, zina maandishi ya kiwandani tu ukingoni. Maandishi hayo yalinionyesha kwamba msafishaji hakukosea, ni mwanga ambao haukuifikia filamu. Iliniuma sana.

Dawa yake ni ndogo. Ukishaweka filamu, zungusha taratibu kile kitasa cha kurudishia kilichoko kushoto mpaka ikaze, kisha kila unapovuta mkono kitazame. Kikizunguka, filamu inatembea. Kikitulia tangu mwanzo, usiendelee kupiga. Tangu nijue hilo sijapoteza filamu nyingine.

Kamera yenyewe naipenda mno. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na hakuna kitu inachokuamulia: kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga uifikie filamu, unachagua wewe, kutoka sekunde 1 hadi 1/1000, tundu la lenzi wewe, kulenga wewe. Ukichungulia unaona mshale mmoja upande wa kulia. Ukipanda juu, mwanga umezidi, ukishuka, haujatosha, unauweka katikati. Kwa mtu anayeanza, mshale huo ni mwalimu tosha. Baada ya filamu tatu nilianza kubahatisha utakaposimama kabla sijachungulia, na siku hizi mara nyingi napatia.

Betri ni ya mshale tu. Shata inafanya kazi hata bila betri. Ila kipima mwanga kinachosogeza mshale huo hakina swichi, kwa hiyo usipoifunika lenzi betri inaisha huku kamera imelala kabatini. Na ni nzito, shingo utaisikia.

Kwa kuwa zote zilizopo ni kuukuu, kabla ya kununua fungua mlango wa nyuma uguse sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Zikinata kama lami zimeoza, na mwanga utapenya uunguze filamu. Yangu ilikuwa hivyo. Filamu ya pili ilitoka na michirizi myekundu pembeni, nikabadilisha sponji na tatizo likaisha. Sikiliza pia kasi ya sekunde 1. Ikigoma au kusuasua, iache.

Kuhusu filamu, wengi hukimbilia rangi. Mimi Kodak Gold 200 ilinipa picha nzuri juani, lakini jioni ndani ya nyumba mshale haukupanda kabisa. Ilford HP5 Plus, nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), ndiyo iliyonifundisha zaidi. Inavumilia makosa, na rangi zikiondoka unalazimika kuutazama mwanga wenyewe, unatoka wapi na unaangukia wapi.

Zile 36 zilinibadilisha pia. Kwa simu nilikuwa napiga mara ishirini bila kumtazama ninayempiga. Sasa nasubiri. Kwenye filamu ya nne kuna picha moja ya mwanangu amelala karibu na dirisha, kasi ya sekunde 1/30, lenzi ya milimita 50, tundu limefunguliwa hadi f/2. Nilibana viwiko kifuani, nikashika pumzi, nikabonyeza mara moja tu. Ilikaa siku kumi na mbili ndani ya kamera kabla sijaiona. Sikio lake limetoka kali kabisa, mto umeyeyuka nyuma yake, na ndiyo niliyoichapisha kubwa nikaitundika ukutani.