Mlango wa banda la kuku unaojifunga wenyewe: angalia unavyofanya ukikwama

Kuku akishapanda kitulioni na giza likaingia, haoni vizuri. Kicheche, paka-mwitu au mbweha akikuta banda wazi hana haja ya mbio, na kicheche hasa huua kuku wengi kuliko anaoweza kula. Kwa hiyo mlango unaojifunga wenyewe jioni ni kifaa cha maana kwa mfugaji anayechelewa kurudi nyumbani. Shida ni kwamba aina zinazouzwa zinatofautiana sana, na tofauti kubwa haionekani kwenye picha za muuzaji.

Zilizo rahisi zaidi ni za kamba. Mota iko juu, kamba inakunjuka, kibao kinashuka kwa uzito wake. Kwa kuwa hakuna kinachokishikilia kibao isipokuwa huo uzito, mnyama anayejua kuingiza kucha chini yake anakiinua. Ukilazimika kununua hii, weka kizuizi cha nje kinachofunika ukingo wa chini wa kibao ili kucha zisipate pa kushika. Bora zaidi ni ile ambayo mota inazungusha skrubu ndefu au meno: kibao cha alumini kinasukumwa kupanda na kushuka, na kikishafunga ukikiinua kwa mkono hakisogei. Fanya jaribio hilo hapo hapo dukani. Ya kuteleza kwa ubavu nayo haiinuliki, ila reli yake ya chini ni ndefu na hujaa maranda, kinyesi na mchanga haraka.

Na hapo kwenye uchafu ndipo milango mingi inapoangusha. Karibu kila mlango mzuri una kinga ya kutobana kuku: mota ikihisi upinzani, inasimama na kufungua tena. Lakini mota haijui kuku ni nini. Konzi ya maranda kwenye reli inatoa upinzani ule ule, mlango unafunguka, unajaribu tena mara kadhaa, kisha baadhi ya aina hukata tamaa na kubaki wazi mpaka asubuhi. Kabla ya kulipa, ziba njia ya mlango kwa sponji uone: unajaribu mara ngapi, unaishia wazi au nusu, na kuna taa au kengele ya kukuarifu? Usiokuarifu, uache. Nyumbani, weka kizingiti sentimita 15 hadi 20 juu ya maranda, maana kuku wakichakura hurusha maranda kila upande, hata mlangoni. Reli isafishwe kwa brashi kavu. Usitie grisi; inashika vumbi na kuwa matope.

Kuhusu muda wa kufunga, kuna wa saa na wa kihisi mwanga. Karibu na ikweta saa inatosha, kwa kuwa jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, tofauti ikiwa kama nusu saa. Kadiri unavyokaa mbali na ikweta ndivyo itakavyokubidi kuirekebisha mara kwa mara, na hapo kihisi kinafaa zaidi. Kihisi nacho kina udhaifu wake: wingu zito la alasiri linaweza kufunga mlango kuku wakiwa bado nje, na taa ya veranda inaweza kuuchelewesha. Kifunge mahali ambapo taa ya nyumba haifiki. Aina inayokubali vyote viwili, yaani kihisi pamoja na saa ambayo kabla yake mlango haufungi, ndiyo inayostahili pesa ya ziada. Anza na dakika 30 baada ya jua kuzama, kisha simama utazame kuku wa mwisho anaingia lini.

Swali moja wauzaji wengi hawalitarajii: betri ikiisha mlango ukiwa wazi, unabaki wapi? Jibu zuri ni kwamba betri ikidhoofika mlango hujifunga mara ya mwisho na haufunguki tena. Afadhali kuku wachelewe kutoka kuliko walale wazi. Wa sola usiutegemee kama paneli itakaa kivulini chini ya paa.

Kufunga kifaa chenyewe si kazi kubwa. Tundu la upana wa sentimita 25 na kimo cha 30 linatosha kuku wa kawaida. Kibao kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Tumia pimamaji, kwa sababu reli zikipinda kidogo tu mota huhisi upinzani na yale ya maranda yanajirudia.

Usidanganyike kwamba mlango umemaliza kazi. Hauhesabu kuku, na paka aliyejibanza ndani tangu jioni atafungiwa pamoja nao, kwa hiyo tochi ya kuchungulia bado inahitajika. Waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita huzuia kuku wasitoke, lakini mbwa huuchana na kicheche hupenya. Weka wavu wa kuchomelewa wa matundu ya milimita 13 kwenye madirisha yote, ukibanwa kwa skrubu na washa pana (visahani vya chuma vya chini ya kichwa cha skrubu), si pini za stepla pekee. Chini, laza wavu huo huo sentimita 45 kuelekea nje kuzunguka banda na uufukie kidogo: mchimbaji huanzia ukutani, hukutana na wavu, wala hafikirii kurudi nyuma nusu mita. Kama bajeti haitoshi vyote, nunua wavu kwanza na mlango ufunge kwa mkono.

Vile vitaa vyekundu vinavyomulika usiku ili kutisha wanyama, ambavyo mara nyingi huuzwa pamoja na milango hii, ni nyongeza tu. Mnyama huvizoea visipohamishwa kila mara.