Ukumbi mdogo wa Nsambya: amadinda unayapata hapa

Ukitaka kusikia amadinda, marimba kubwa ya mbao ya Waganda, bila spika kukupasua masikio, nenda kwenye ukumbi huu wa mtaa, Nsambya, Kampala. Muziki huu nimeusikia hotelini na harusini, na huko kote kinanda huufunika. Hapa unakaa hatua chache tu kutoka kwa wapigaji.

Ni chumba kimoja na ua, nyuma ya safu ya maduka. Hakuna anayelipwa. Kijana wa mlangoni ni mwendesha bodaboda, dada anayeshughulikia taa ni mwalimu, chai na mandazi wanauza akina mama wa jirani. Kiingilio ni shilingi 5,000, watoto bure, na unaweza kulipa kwa simu. Hesabu ya kodi na umeme imebandikwa ukutani kila mtu aione. Nilipoisoma nikaongeza mchango wangu.

Fika mapema uone ala ikipangwa. Mashina mawili mabichi ya mgomba yanalazwa chini, utomvu bado unachuruzika, juu yake zinapangwa mbao 12 za mti wa msambya, kisha vijiti vinachomekwa katikati ili mbao zisitembee. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Kila mmoja ana mapigo yake, na ya huyu yanaangukia kwenye nafasi anazoacha yule, kwa kasi ambayo sikio linashindwa kujua nani kapiga nini. Wa tatu anashika mbao mbili za mwisho tu. Kila zinapolia zile mbili nzito za upande wa pili, yeye anazijibu kwa sauti nyembamba, na ghafla unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Nilisimama.

Mzee anayewafundisha vijana hutueleza kwa Kiswahili, maana wengi tunaokuja ni Wakongo wa mitaa hii na familia za kambi ya polisi. Msichana mmoja alipopotea katikati ya wimbo, mzee alisimamisha kila kitu, akamwambia taratibu, "Usimfuate mwenzako, mwanangu. Ingia pale anapokuacha." Wakaanza upya, safari hii akaingia sawasawa, na ua mzima ukampigia vigelegele.

Kasoro zipo. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, wakaanza karibu saa mbili usiku; kwa mwenye watoto hilo ni tatizo kubwa. Mabenchi hayana egemeo, na choo ni kimoja. Kubwa zaidi ni paa: mabati matupu, hayana dari. Mvua ikinyesha, husikii kitu, inabidi wapigaji wasubiri. Kwa hiyo Machi hadi Mei angalia mawingu kwanza.

Kurudi usiku, patana bei na bodaboda kabla ya kupanda. Na kama wewe ni fundi dari, au unamjua mmoja, ongea na yule dada wa taa. Mbao wameshaanza kuzikusanya.